Kiapo Kilikuwa cha Koo, Si cha Ulimi

Kama juma lililopita gazeti hili lilifungiwa maandazi kabla hujafika ukurasa wangu, usihangaike. Nitakusogeza kidogo ili twende sawa.

Mimi ni Marcelino wa Ushirombo, mume wa Juliana, baba wa Vaileth, mwenye duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, kule Nyarugusu. Juma lililopita niliwaeleza nilivyoikalia keki. Ilikuwa sherehe ya kipaimara cha mtoto wa mwenyekiti wa parokia, nami nilikuwa nimekunywa mpaka nikaona kiti cheupe chenye maua, nikaketi.

Juliana hakupiga kelele. Alinishika mkono, akanipeleka kwa Padri Charles na sukari ya keki kwenye suruali, nikala kiapo mbele ya wote wawili: pombe haitapita tena kooni mwangu.

Miaka sita nimekishika kiapo hicho. Hata togwa naiuliza imelala siku ngapi.

Halafu shetani akanunua simu janja.

Nilikuwa soko la dhahabu Geita, nasubiri mzigo wangu upimwe. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa anatazama video. Mzungu ameshika glasi ya divai. Anaizungusha, anainusa, anavuta funda, anasukutua, halafu anatema kwenye ndoo. Anachukua glasi nyingine. Anatema tena.

"Huyu anaumwa meno?" nikauliza.

"Anaonja mvinyo. Huko kwao watu wanafunga safari kabisa, wanakaa wiki nzima kwa mkulima, kazi yao ni hiyo tu."

"Na hamezi?"

"Akimeza zote, ataonjaje ya mwisho?"

Ndugu msomaji, nilisimama pale benchi nikakaa tena. Nilikuwa nimeapa habari za koo. Ulimi haukutajwa mahali popote. Padri Charles ni msomi, angetaka kuutaja angeutaja.

Basi nikaanza kupanga safari.

Ufaransa niliikataa. Juliana angesikia Ufaransa, angenusa chupa hapo hapo. Italia angesema twende Roma tukakae uwanjani na mahujaji, na mimi nisingeonja hata siki. Nilitaka nchi ambayo Ushirombo nzima hakuna aliyewahi kuitaja, hata kwenye mpira. Nikaipata: Slovenia. Huko kuna bonde linaitwa Vipava, lina upepo mkali kiasi kwamba watu huweka mawe juu ya mapaa yao. Lina mizabibu ambayo hata Wazungu wenzao wengi hawaijui majina. Na lina mkulima mmoja anaitwa Andrej, mwenye vyumba vya wageni na ghala la mapipa chini ya nyumba.

Juu ya yote, mwendo mfupi tu kutoka bondeni kuna mlima, na juu ya mlima kuna kanisa la Mama Maria ambalo watu hulipandia kwa hija.

"Mama Vaileth," nikamwambia mke wangu jioni moja, "yubilei yetu ya fedha mwezi wa kumi tuifanyie hija. Ulaya. Kwa Mama Maria."

Aliweka chini ungo wa mchele, akanitazama.

"Wewe? Unayesinzia kwenye fumbo la pili la rozari?"

"Mtu hubadilika."

Alilia, Juliana wangu. Alilia kwa furaha na kunishika kichwa. Nami sikuwa nimesema uongo hata neno moja. Nilikuwa nimesema nusu ya juu ya mlima, nikaacha nusu ya chini.

Hapo ndipo nilipokuacha. Sasa sikiliza kilichofuata.

Andrej tuliandikiana kwa simu, kile chombo cha kutafsiri kikihangaika katikati yetu. Jina lake nililihifadhi kama "Fundi Karasha", kwa kuwa mtu mwenye duara akipigiwa na fundi wa mashine ya kusaga mawe hakuna anayeshangaa. Alikuwa mtu mwema. Aliniambia wakulima wa kwao hupokezana: huyu akifungua nyumba yake auze divai yake na nyama ya chumvi kwa siku kadhaa, hutundika tawi la majani barabarani, wapita njia wakajua pa kukunja kona. Nikamjibu kwamba na kwetu mama akishaivisha pombe hutundika kopo kwenye mti. Akacheka. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Nilimwambia na hali yangu ya nyumbani, kwamba mke nimempa nusu ya juu ya mlima. Mwanaume kwa mwanaume.

Kisha nikauliza lile la muhimu: "Ndoo ya kutemea ipo?"

"Ipo," akajibu. "Lakini wageni wangu wengi hawaitumii."

Nilizima simu nikaenda kuangalia ng'ombe.

Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba kutema ni ufundi. Nilinunua divai ya Dodoma kule Kahama, nikajaribu funda moja nyuma ya nyumba, ikanichuruzikia kidevuni mpaka kifuani, na tone moja likakaribia kabisa kwenda ndani. Tone moja tu na kiapo kimekwisha! Kwa hiyo ilinibidi nifanye mazoezi. Usinicheke. Nilifanya mazoezi kwa ajili ya kiapo.

Divai niliimimina kwenye kidumu cha dawa ya kuogeshea ng'ombe, kipya, nilichokiosha mara nne, karatasi yake yenye picha ya kupe nikaiacha. Hakuna mtu ambaye angekigusa. Ajabu ni kwamba kilipungua haraka kuliko mafunda yangu. Nilifikiri ni joto.

Tatizo la pili lilikuwa Juliana mwenyewe.

Habari za hija zilikuwa zimezunguka jumuiya nzima. Kila jioni wanawake walikuja na nia zao. Huyu mwanawe yuko rumande, yule kidonda cha mguu hakifungi, wote wanataka Juliana awaombee juu ya mlima. Juliana aliwasikiliza mmoja mmoja, akazishika zote kichwani.

Siku moja akaja Anisia, jirani yetu wa ukuta mmoja. Ameolewa miaka mingi, hana mtoto. Alitoa soksi moja ya kitoto, ya sufu ya njano, akaiweka kwenye kiganja cha Juliana.

"Iweke miguuni kwa Mama Maria," akasema. "Ukirudi nayo, nitaitafutia ya pili."

Soksi ile iliniuma. Sitaki kujifanya haikuniuma. Nilitoka nje nikasimama zizini muda mrefu, nikijiambia kwamba mlimani tutapanda kweli, kwamba soksi itafika kweli, na kwamba mtu anaweza kupanda mlima asubuhi akashuka bondeni mchana bila kumkosea yeyote. Ng'ombe walinitazama tu.

Tatizo la tatu lilishuka kwenye basi la kutoka Ushetu, limevaa koti la mvua wakati wa kiangazi.

Mzee Masalu ni baba mkwe wangu. Amelima tumbaku maisha yake yote, hajabatizwa wala hana haraka. Binti yake amemsomea katekisimu mpaka amechoka. Yeye husikiliza hadi mwisho, husema "wabeja", yaani asante, kisha huenda kumwaga pombe kidogo chini kwa ajili ya baba yake. Tangu nimuoe Juliana alikuwa na donge moja na mimi: kwamba nimechimba ardhi miaka yote bila kuwasalimia waliolala ndani yake.

Asubuhi moja, jua ndiyo linachomoza, niliamka kabla ya watu. Nilivua shati lisipate madoa, nikajifunga kaniki ya zamani kiunoni. Viatu niliacha, vinapiga kelele. Glasi ingenisaliti, nikachukua kibuyu cha maziwa. Nikasimama kwenye mlango wa zizi nikielekea mashariki, ili mwanga unisaidie kuona rangi.

Video zilisema ukionja lazima utaje kwa sauti unachokikuta mdomoni. Nikavuta funda. Nikasukutua. Nikafumba macho.

"Nakuta udongo mwekundu," nikasema. Nikatema. Safari hii ilitoka vizuri, uzi mmoja mwembamba.

Nikavuta lingine. "Nakuta jiwe lililolowa mvua." Nikatema.

La tatu lilikuwa tamu kupita yote. "Nakuta tunda lililoiva. Linakaa. Halitaki kuondoka." Nikatema kwa uchungu.

Nyuma yangu nikasikia makofi. Taratibu, ya viganja vilivyokunjwa, yale ambayo wazee hupiga wakiwa wamechuchumaa.

Mzee Masalu alikuwa amechuchumaa. Machozi yanamtiririka.

"Shikamoo baba," nikasema, divai inanidondoka kidevuni.

"Leo usiniamkie, mkwe wangu. Leo mimi ndiye wa kukuamkia wewe! Wabeja! Wabeja sana! Nilidhani nitakufa sijaiona siku hii."

"Siku gani, baba?"

"Kaniki umevaa. Peku umesimama. Mlango wa zizi umeuchagua mwenyewe, jua umelielekea mwenyewe. Udongo umeuomba, jiwe umeliomba, mvua umeiomba, tunda umeliomba. Na hukumeza hata kidogo! Yote umewapa wao. Baba yangu mimi alikuwa anameza nusu."

Ndugu msomaji, jiweke pale nilipokuwa. Nikimwambia mzee huyu kwamba naonja divai, kabla ya uji Juliana atakuwa ameambiwa kuwa mumewe amerudia pombe. Nikikubali kwamba natambika, na Juliana akasikia, atajua amelala miaka ishirini na mitano na mtu anayeomba kwenye zizi. Mlevi au mpagani, chagua moja. Wote wawili hawapandi mlima wa Mama Maria.

"Nilikuwa nawakumbuka wazee, baba," nikasema.

"Nimeona."

"Ila Mama Vaileth asijue. Ni siri yetu."

"Mimi? Mimi ni kaburi."

Kaburi lile lilikuwa na simu. Kabla ya saa sita mchana nikapigiwa na Cornel, meneja wangu kule duarani.

"Kaka Marcelino! Tumegonga! Mwamba unang'aa mpaka vijana wanaimba!"

"Lini?"

"Sasa hivi! Mzee Masalu alinipigia asubuhi, akasema tusiondoke shimoni, leo mambo yanafunguka. Kaka, kumbe unajua haya mambo na umetuacha tunateseka muda wote huu?"

Nilipofika Nyarugusu siku iliyofuata, wachimbaji walinipisha njia. Watu ambao huwa wananiita "bosi" kwa kebehi walinisalimia kwa kuinamisha vichwa. Mwenye duara la jirani, Maduhu, jitu lenye sauti ya karasha, alinivuta pembeni.

"Mwaga na kwangu."

"Simwagi, Maduhu. Natema."

"Basi tema!"

Ningefanyaje? Kidumu kilikuwa kwenye pikapu, nyuma ya kiti. Nikatema kwa Maduhu. Nikatema kwa jirani wa Maduhu. Nilitema kwenye karasha, nikatema kwenye mialo wanakooshea mawe, nikatema kwenye tairi la lori lililokuwa limekwama, na dereva akaapa kwamba baada ya hapo lilitoka. Kila nilipotema nilitaja nilichokikuta: udongo, jiwe, tunda, mara nyingine moshi kidogo. Watu waliitikia.

Na niseme ukweli, nilianza kuwa fundi. Nilifikia mahali najua divai iliyopigwa jua garini na iliyokaa kivulini. Nilimwandikia Andrej kwamba mwanafunzi wake yuko tayari.

Nilirudi Ushirombo na kidumu cha pili, nikamkuta Mzee Masalu ananisubiri zizini. Ameshika fahali wangu mweusi kwa pembe, anampima kwa macho.

"Jumamosi," akasema.

"Jumamosi kuna nini, baba?"

"Ulichokifungua lazima ukifunge. Dume jeusi, ukoo mzima. Wa Ushetu nimeshawaambia, wanakuja. Huwezi kusafiri hewani umeacha wazee mdomo wazi."

"Baba, tulisema siri."

"Siri ni siri. Lakini ada ni ada. Kibuyu cha kufungia hakishikwi na mtu mwingine. Mke ndiye anayekipeleka kwa mumewe, mbele ya wote. Juliana nitamwambia mwenyewe. Mimi ni baba yake, ataelewa."

Nilimshika mkono. Nilimwomba anipe mpaka Ijumaa. Alikubali, ila alikubali kama mtu aliyemkubalia mgonjwa.

Sasa Alhamisi, yaani siku moja kabla, Padri Charles alikuwa anakuja nyumbani. Vaileth, binti yetu mwenye duka la steshenari Kahama, ndiye aliyekuwa anatuandalia maombi ya viza, na alisema ubalozi hupenda kuona barua ya parokia kwamba hawa ni mahujaji kweli. Padri alisema ataiandika hapo hapo mezani kwetu, anywe na chai.

Alikuja. Aliketi. Alitoa karatasi yenye nembo, akafungua kalamu.

"Yubilei ya fedha kwa Mama Maria," akasema. "Marcelino, nikikumbuka ile keki, naona kweli Mungu yupo."

Nilicheka. Mzee Masalu, kwenye kiti cha pembeni, akacheka pia, kwa sababu zake.

"Mama Vaileth yuko wapi?" akauliza Padri.

"Alisema anapulizia ng'ombe dawa mara moja," akajibu mzee. "Kupe wamezidi."

Kiti kilinichoma.

Nilikuwa bado natafuta sababu ya kutoka nje ndipo nikasikia ng'ombe. Hawakulia kama ng'ombe wenye kupe. Walikuwa wanagombana. Nikachungulia dirishani: yule fahali mweusi amelowa mgongo mzima, majike watatu wanamlamba kwa zamu, na nzi wa Ushirombo nzima wamehamia kwangu.

Juliana akaingia. Bomba la kunyunyizia limening'inia begani, kidumu mkono wa kulia, kibuyu mkono wa kushoto. Alimwamkia Padri, Padri akamwitikia. Alimwamkia baba yake. Kisha akaweka kidumu mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, karibu kabisa na ile barua.

"Baba Vaileth," akasema kwa upole, "dawa hii kupe wanaipenda."

Padri Charles alivuta pua. Mtu huyu hushika divai kila siku anayopewa na Mungu. Hakuhitaji kusogea.

"Marcelino," akasema, na kalamu ikasimama. "Hii ni divai."

"Ndiyo, Padri."

"Ulikunywa?"

"Sikumeza, Padri. Naapa. Haikupita kooni hata tone."

"Marcelino, mimi si mtoto."

Hapo ndipo mkombozi wangu aliposimama. Laiti angebaki amekaa.

"Padri, huyu hasemi uongo!" Mzee Masalu alipiga kifua. "Mimi ni shahidi! Nilimwona kwa macho yangu. Amesimama zizini na kaniki yake, kila funda analitema kwa wazee. Hakubakiza kitu! Na Nyarugusu nzima ni mashahidi, amewatemea wote, dhahabu imetoka. Na Jumamosi tunachinja!"

Nilikuwa nimeshindwa kuchagua kati ya mlevi na mpagani. Baba mkwe wangu alikuwa amenipa vyote.

Padri Charles aliweka kalamu chini. Alimtazama mzee, akanitazama mimi, akatazama barua ambayo tayari ilikuwa na maneno "waamini wema". Nilitamani aseme neno, lolote, hata anitenge na kanisa, mradi tu Juliana asiwe wa kwanza kusema.

Juliana alienda kabatini, akatoa glasi ya wageni. Akamimina divai kidogo kutoka kwenye kidumu. Nilidhani anataka kumwonyesha Padri rangi.

Aliizungusha.

Aliizungusha kwa kifundo cha mkono tu, kama wale wa kwenye video. Akaingiza pua ndani ya glasi. Akavuta funda, akasukutua, akatazama dari. Halafu akageukia beseni la kunawia mikono na kutema, uzi mmoja mwembamba ulionyooka, bila tone hata moja kugusa ukingo. Mimi mwenyewe, na mazoezi yangu yote, sijawahi kutema hivyo.

"Zabibu za Dodoma," akasema. "Imepigwa jua kidogo. Andrej anasema ya kwao ina chumvi kwa mbali, kwa sababu ya mawe."

"Andrej ni nani?" akauliza Padri.

"Fundi Karasha wa mume wangu," akasema Juliana.

Ndipo nikaelewa ni joto gani lililokuwa linapunguza kidumu changu.

"Mama Vaileth," nikaanza, "ngoja nikueleze..."

"Umeshamweleza Andrej, nimesoma simuni mwako. Kwamba mimi umenipa nusu ya juu ya mlima." Sauti yake ilitetemeka mara moja tu, akaishika. "Nilitaka unipe na ya chini. Kila jioni niliketi kwenye mkeka nikakusubiri. Nikasema leo ataniambia, leo ataniambia. Ungeniambia ningecheka, Baba Vaileth. Miaka sita sijakuona ukifurahia kitu kama unavyofurahia kutema mate zizini. Unadhani ningekukatalia?"

Ningempa dhahabu yote ya Nyarugusu aseme kwa ukali, lakini alisema kwa upole ule ule aliokuwa nao siku ya keki.

Alifungua pindo la kanga yake ya ndani, akatoa ile soksi ya njano. Akaiweka juu ya barua.

"Hii nimeahidi itafika," akasema. "Padri, andika barua. Lakini usiandike majina mawili kwanza."

"Niandike la nani, mama?"

"Langu lipo. La pili lisubiri." Akanigeukia. "Nakuuliza swali moja. Ukinijibu nusu ya juu ukaacha nusu ya chini, nitapanda mlima peke yangu, na kwa Andrej nitapita mimi, nikuletee salamu."

Mzee Masalu alijaribu kusema kitu kuhusu Jumamosi. Binti yake alimwinulia kidole kimoja, na mzee ambaye hakuwahi kunyamazishwa hata na katekisimu akanyamaza.

"Ulimuuliza Andrej kama ndoo ipo," akasema Juliana. "Akakujibu ipo, ila wageni wengi hawaitumii. Ukazima simu. Sasa nijibu mimi, mbele ya Padri uliyemwapia na baba yangu aliyekushuhudia. Tungefika kule bondeni, mimi nimelala nimechoka na mlima, wewe umekaa na rafiki yako kwenye mapipa. Ile ndoo ungeitumia?"

Padri Charles aliinua kalamu. Nje, fahali alikuwa bado analambwa.

Ndugu msomaji, nimewaeleza mafunda yangu yote, lakini swali hilo sikuwahi kujiuliza. Nilipolisikia kutoka kinywani mwake, nilijua kwamba jibu nilikuwa nalo tangu siku ile nilipozima simu.

"Mama Vaileth," nikasema, na nikamwambia nusu ya chini: ndoo ile ingebaki kavu.

Padri akainamia karatasi, akaanza kuandika. Kutoka nilipokaa sikuweza kuona anaandika jina la nani.